Chipukizi wa hoki ya barafu: akomazwe AHL au aachwe Ulaya?

Mfuatiliaji (mwenye swali)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila mwaka drafti ya NHL (zoezi ambalo klabu za ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini huchagua vijana kwa zamu) inapomalizika, mimi hukwama mahali pale pale. Klabu humchagua kijana wa miaka 18 kutoka Uswidi, Ufini, Ujerumani au Urusi, kisha meneja mkuu hutangaza kwamba kijana bado hajaiva. Hilo halina ubishi, kwa sababu wanaotoka kwenye drafti na kuingia NHL papo hapo ni wachache mno. Kinachonitatiza ni hatua inayofuata. Baadhi yao huvushwa bahari mapema na kupelekwa katika timu tanzu ya AHL, ligi iliyo ngazi moja chini ya NHL. Wengine huachwa katika klabu zao, iwe ni katika SHL ya Uswidi, Liiga ya Ufini au KHL ya Urusi, kwa mwaka mmoja, miwili, na wakati mwingine mitano.

Nikiyatazama matokeo, siioni kanuni. David Pastrnak alichaguliwa na Boston mwaka 2014 akiwa wa 25, akapelekwa Providence katika AHL akiwa na miaka 18, na kabla msimu haujakwisha alikuwa amekwisha kucheza mechi 46 za NHL. Elias Pettersson, aliyechaguliwa wa 5 mwaka 2017, alibaki Uswidi na Växjö Lakers msimu mzima, akaenda Vancouver bila kupitia AHL, na mwaka 2019 akatwaa Calder Trophy, ambayo ni tuzo ya mchezaji bora miongoni mwa wageni, yaani wanaocheza msimu wao wa kwanza wa NHL. Wote wawili ni washambuliaji wembamba wenye mikono ya ustadi, na wote walichaguliwa wakiwa wanacheza katika daraja la pili la Uswidi. Hata hivyo, njia zao zilitofautiana kabisa, na zote mbili zilifika.

Je, kuna kigezo cha maana kinachotumiwa kuamua nani aende wapi, au klabu hubahatisha na baadaye kusifia uamuzi wowote uliozaa matunda? Ningefurahi kupata hoja za wanaoielewa mifumo hii kuliko za wapenzi wa klabu fulani.

Mzee wa Benchi

Ndugu Mfuatiliaji, umeuliza kijana apelekwe wapi. Mimi ningeanza kwa kuuliza kocha wake ameajiriwa na nani.

Timu zote 32 za AHL zimefungamana na klabu 32 za NHL, na kwa kawaida klabu mama ndiyo inayomteua kocha na kumpangia kazi. Ikiwa klabu mama inataka beki wa miaka 19 acheze dakika 20, aingie timu inapokuwa pungufu kwa adhabu, na arudishwe barafuni zamu ifuatayo hata baada ya kupoteza kisahani (kile kinachochezewa badala ya mpira) na kusababisha goli, kocha wa AHL atafanya hivyo, kwa kuwa kazi yake hupimwa kwa vijana aliowapandisha sawasawa na inavyopimwa kwa mechi alizoshinda. Kocha wa SHL hana sababu ya kumtendea hivyo kijana ambaye mwakani atakuwa mali ya klabu nyingine ng'ambo ya bahari. Ligi yake ina timu 14, inacheza mechi 52, na mkiani kuna tishio la kuteremka daraja. Modo, klabu iliyowalea Peter Forsberg na mapacha Sedin, iliteremka mwaka 2016, na sifa zake zote za malezi hazikuiokoa. Kocha aliye katika hali hiyo humweka kijana benchi pindi anapokosea, na sioni namna ya kumlaumu.

AHL ina kanuni inayolinda nafasi za vijana kwa maandishi. Kati ya wachezaji 18 wanaovaa jezi kwa ajili ya mechi, ukiwaacha walinda lango, angalau 13 ni lazima wawe ni wachezaji wa kukuzwa: 12 wasiwe wamezidi mechi 260 za kulipwa, na mmoja asiwe amezidi 320, tena mechi za ligi kuu za Ulaya zikihesabiwa humo. Kwa maneno mengine, timu haiwezi kujaza wakongwe ili ishinde kombe huku vijana wakitazama kutoka jukwaani.

Kuna pia suala la uwanja, ambalo mara nyingi hutajwa kwa mkato na kuachwa. Uwanja wa NHL una urefu wa takriban mita 61 na upana wa mita 26, na AHL inatumia kipimo hicho hicho. Viwanja vingi vya Uswidi vina upana wa mita 30. Mita nne hazionekani kuwa nyingi mpaka umtazame beki aliyezoea kuvuta pumzi nyuma ya lango lake, akiinua kichwa, akichagua pasi, akiwa amebakiwa na nusu sekunde ambayo kwenye uwanja mwembamba haipo. Mshambuliaji naye, ambaye alizoea kumzunguka mpinzani kwa nje, hukuta kwamba nje ni mbao za pembeni. Mambo haya hayafundishwi kwa video, na anayeyajifunza akiwa na miaka 19 huko Grand Rapids au Providence katika AHL hatayajifunzia mbele ya watazamaji 18,000 wanaozomea.

Mfano ninaoupenda ni Mikko Rantanen. Alichaguliwa wa 10 mwaka 2015 baada ya kucheza na watu wazima katika klabu ya TPS ya Ufini, akiwa tayari na umbo kubwa. Colorado ilimpa mechi 9 za NHL ambazo hakupata pointi hata moja (pointi ni goli au pasi ya goli), na muda wake mwingi akautumia San Antonio, ambako alipata pointi 60 katika mechi 52 na kuwa mmoja wa wawili waliogawana tuzo ya mgeni bora wa AHL. Msimu uliofuata alikuwa mchezaji wa kudumu wa Colorado.

Zamu ya Nne

Shikamoo Mzee wa Benchi. Naziheshimu hoja zako, na hiyo ya kocha sina la kuipinga, ila nadhani umeitazama upande mmoja tu.

Kocha wa AHL anayeitii klabu mama hulazimika pia kuitii inapomnyang'anya wachezaji. Mabeki wawili wa NHL wakiumia Jumanne, mabeki wawili bora wa AHL huondoka Jumatano, na kijana aliyekuwa akijifunza kando ya mwenzake mzoefu hujikuta na mwenzake mpya aliyepandishwa jana kutoka ECHL, ligi iliyo chini ya AHL. Naye akiitwa juu, mara nyingi huishia safu ya nne kwa dakika sita au saba, au hukaa wiki nzima kama mchezaji wa akiba bila kuvaa jezi. Jesse Puljujärvi alichaguliwa wa 4 mwaka 2016 na Edmonton, akapandishwa na kuteremshwa kati ya Edmonton na Bakersfield, timu yake tanzu ya AHL, hadi ilipokuwa vigumu kusema alikuwa akikuzwa wapi. Mwaka 2019 alirudi Ufini kwa Kärpät na kufunga magoli 24 katika mechi 56. Sidai kwamba Ulaya ilimgeuza kuwa nyota, maana hakuwa nyota. Nasema tu kwamba alihitaji mahali ambapo jina lake lingebaki kwenye safu ile ile kuanzia Septemba hadi Machi, na AHL haikuweza kumpa hilo.

Ratiba nayo ina uzito wake. AHL huchezwa mechi 72, na kwa kuwa watazamaji wake huja hasa mwishoni mwa juma, mechi hurundikwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, wakati mwingine siku tatu mfululizo, huku timu ikisafiri usiku kwa basi. Kijana wa miaka 18 ambaye bado anahitaji kujenga misuli ya miguu na mgongo hafaidiki kwa kucheza akiwa amechoka. Katika SHL au Liiga mechi husambazwa vizuri zaidi ndani ya juma, mazoezi ya barafuni ni mengi, na kijana hulala kwao, hula chakula alichokizoea na husikia maelekezo katika lugha yake.

Sasa niguse hiyo kanuni ya wachezaji 13. Mzee wangu, unaiona kuwa ngao, lakini fikiria maana yake kwa kijana aliyemo uwanjani: wengi wa wanaompa pasi na wengi wa wanaomkabili ni vijana wanaokosea kama yeye. Katika SHL anakabiliwa na beki wa miaka 33 aliyekwisha kucheza mechi mia kadhaa za kulipwa, ambaye hakimbii sana kwa sababu anajua kisahani kitakwenda wapi kabla hakijakwenda. Kumshinda mtu wa namna hiyo ni elimu ambayo AHL inaitoa kwa uchache. Pettersson alipanda kwa mpangilio, kwanza Timrå katika HockeyAllsvenskan, lile daraja la pili la Uswidi, kisha Växjö, ambako alipata pointi 56 katika mechi 44 na kuivunja rekodi ya Kent Nilsson iliyodumu tangu miaka ya 1970 kwa wachezaji wa umri wa vijana. Timu yake ilichukua ubingwa. Miro Heiskanen, aliyechaguliwa wa 3 katika drafti hiyo hiyo, alibaki HIFK ya Ufini msimu mmoja, kisha akaenda Dallas na kucheza mechi zote 82. Hao wawili walizoea uwanja mwembamba bila kupelekwa darasani.

Lango Wazi

Naomba kuongeza jambo dogo kuhusu walinda lango, kwa sababu mijadala ya namna hii huwasahau.

Mlinda lango hana safu ya nne ya kujifichia. Anacheza au hachezi. Katika timu yoyote nafasi ni moja, na klabu ya NHL inaweza kuwa na vijana watatu au wanne wa kukuza kwa wakati mmoja ilhali timu tanzu ni moja tu. Ndiyo maana kumwacha mmoja Ulaya, akicheza mechi 40 za maana, ni busara hata kama klabu inaipenda AHL. Ilya Sorokin alichaguliwa na New York Islanders mwaka 2014, akabaki CSKA ya Moscow hadi 2020, na alipokuja aliingia NHL bila kupita AHL. Igor Shesterkin, wa drafti hiyo hiyo, alibaki SKA ya St. Petersburg hadi 2019, kisha akapewa miezi michache Hartford katika AHL ili azoee pembe za uwanja mwembamba, ambako kisahani hutoka ubavuni na kufika langoni mapema kuliko macho yalivyozoeshwa. Januari 2020 aliitwa New York Rangers, klabu iliyomchagua, na mwaka 2022 alishinda Vezina Trophy, tuzo ya mlinda lango bora wa NHL. Connor Hellebuyck, kwa upande mwingine, alitoka chuoni akaenda St. John's katika AHL, na Vezina tatu alizonazo zinatosha kuonyesha kwamba njia hiyo pia haina kasoro. Kwa mlinda lango, mimi ningehesabu mechi alizoanza, na jina la ligi ningeliangalia baadaye.

Kipengele cha Tatu

Wakuu, mmeeleza vizuri sana upande wa barafuni, lakini maamuzi mengi mnayoyataja hufanywa na watu walioshika karatasi za mkataba, na baadaye hupewa sababu za kimichezo. Naomba nieleze kwa kirefu kidogo.

Kwanza, kuna wale ambao hawana uchaguzi kabisa. Kijana aliyechaguliwa akiwa katika ligi za vijana za CHL nchini Kanada haruhusiwi, chini ya makubaliano ya muda mrefu kati ya CHL na NHL, kucheza AHL kabla hajatimiza miaka 20 au hajamaliza misimu minne ya CHL. Akiwa na miaka 19 ni ama NHL ama kurudi kwa vijana wenzake. Mzungu wa Ulaya aliyechaguliwa kutoka klabu ya Ulaya hafungwi na kifungu hicho, ndiyo maana Pastrnak aliweza kwenda Providence akiwa na miaka 18 huku Wakanada wa rika lake wakizuiwa. Mkataba wa pamoja uliokubaliwa mwaka 2025 kati ya NHL na wachezaji wake, unaoanza Septemba 2026, unalenga kuufungua mlango huo kwa kijana mmoja wa miaka 19 kwa kila klabu, na vyuo vya Marekani navyo vimekuwa njia ya tatu tangu NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo hivyo, iliporuhusu wachezaji wa CHL kuanzia Agosti 2025. Kwa hiyo unapolinganisha Ulaya na AHL, kumbuka kwamba kwa miaka mingi ulinganisho huo umewahusu hasa vijana wa Ulaya.

Pili, klabu ya NHL hairuhusiwi kuwa na zaidi ya mikataba 50 ya wachezaji kwa wakati mmoja. Kijana ambaye haki zake zinamilikiwa na klabu lakini hajasaini, akiwa anacheza Tampere au Gothenburg, hahesabiwi humo, na mshahara wake hulipwa na wengine. Chini ya mkataba wa pamoja wa 2013, klabu ilishikilia haki za kijana aliyechaguliwa kutoka Ulaya kwa miaka minne, wakati yule wa CHL alipaswa kusainiwa ndani ya miaka miwili. Kwa Mrusi haki hizo hazikuwa na mwisho, kwa sababu Urusi haina makubaliano ya uhamisho na NHL. Meneja anayejua kwamba muda haumkimbizi, na kwamba kumwacha kijana huko hakumgharimu senti, atasema kwa urahisi kabisa kwamba kijana "anahitaji mwaka mmoja zaidi".

Tatu, na hapa ndipo hesabu inapogeuka, kuna bei ya kungoja. Mkataba wa kwanza wa kijana anayesaini akiwa na miaka 18 hadi 21 ni wa miaka mitatu, wenye mshahara uliowekewa kikomo. Aliyesaini akiwa na miaka 18 au 19 asipofikisha mechi 10 za NHL katika msimu, mwaka huo hauhesabiwi na mkataba husogezwa mbele. Mzee wa Benchi ametaja mechi 9 za Rantanen. Namba hiyo haikuja kwa bahati. Colorado ilimwonjesha NHL, ikamkuza AHL, na bado ikabaki na miaka yote mitatu ya bei nafuu.

Mlinganishe na Kirill Kaprizov. Minnesota ilimchagua mwaka 2015 katika raundi ya tano, wa 135, akabaki KHL hadi 2020. Alipofika alikuwa mchezaji kamili, akafunga magoli 27 katika mechi 55 na kutwaa Calder Trophy ya 2021. Lakini kwa kuwa alisaini akiwa na miaka 23, mkataba wake wa kwanza ulikuwa mfupi, na baada ya msimu mmoja tu uwanjani klabu ililazimika kumpa mkataba mpya wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 45. Waliomkuza walikuwa Warusi, kwa gharama ya Warusi, lakini Minnesota haikuionja ile miaka ambayo nyota hulipwa kidogo. Mtu akiniambia kwamba malezi ya Ulaya ni ya bure, huwa namwonyesha mkataba huo.

Na kuna la nne ambalo nalisema kwa haraka. Matvei Michkov alichaguliwa wa 7 na Philadelphia mwaka 2023 akiwa na mkataba na SKA hadi 2026. SKA ilimpeleka Sochi kwa mkopo, akapata pointi 41 katika mechi 47, na Philadelphia haikuwa na la kufanya ila kutazama. Kuachiwa kwake mwaka 2024 kulikuja kama zawadi. Tangu Machi 2022 NHL ilipositisha mahusiano yake na KHL kutokana na vita nchini Ukraine, hata zile simu za kawaida kati ya klabu na klabu zimekuwa ngumu. Kwa Mrusi, "kumwacha Ulaya" si mpango wa maendeleo bali ni kukubali kwamba hujui atakuja lini.

Mfuatiliaji

Nawashukuru sana, hasa Ndugu Kipengele cha Tatu kwa kunifungulia upande ambao taarifa za klabu haziutaji. Sasa nielewe hivi: mambo ya mkataba yanaeleza kwa nini klabu inaamua inavyoamua, lakini hayanielezi kama uamuzi ulimfaa kijana. Tuchukue beki wa Ulaya mwenye miaka 19, mrefu, anayeteleza vizuri, ambaye bado anapoteza kisahani akibanwa na wawili, na ambaye klabu yake inayo uhuru kamili wa kumpeleka kokote. Mngemweka wapi, na katikati ya msimu mngetazama nini ili kujua kama mahali hapo panamfaa?

Mzee wa Benchi

Marahaba, Zamu ya Nne, na hoja yako ya beki wa miaka 33 nimeipokea. Ndugu Mfuatiliaji, beki unayemweleza amekwisha kuwapo, naye ni Moritz Seider.

Detroit ilimchagua wa 6 mwaka 2019 kutoka Adler Mannheim ya Ujerumani, wakati wengi walimtarajia nyuma zaidi. Msimu wa kwanza walimpeleka Grand Rapids, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa gari kutoka Detroit, akiwa mmoja wa mabeki wadogo kabisa kwa umri katika AHL yote. Alicheza mechi 49 na kupata pointi 22, lakini hizo pointi hazikuwa muhimu kwa kulinganisha na kupigwa ubavu kwenye mbao za pembeni kila usiku, akalazimika kujifunza kuitoa pasi kabla mpinzani hajafika. Msimu uliofuata, ugonjwa wa korona ulipochelewesha ligi za Amerika Kaskazini, alikopeshwa kwa Rögle ya SHL. Wangeweza kumwita ligi zilipoanza mapema mwaka 2021, wakamwacha amalize. Alichaguliwa kuwa beki bora wa SHL, akaingia NHL akacheza mechi zote 82, na mwaka 2022 akatwaa Calder.

Sababu ya kuupenda mpangilio huo ni kwamba kila ligi ilimpa alichokikosa wakati ule. AHL ilimpa ubanaji na uwanja mwembamba alipokuwa bado anadhani kwamba urefu wake unatosha. SHL ikampa jukumu la kuwa beki wa kwanza wa timu inayopigania ubingwa, akikutana na safu bora ya wapinzani kila mechi, jukumu ambalo asingelipata Grand Rapids kwa kiwango kile. Roope Hintz wa Dallas alifuata mpangilio wa kinyume, misimu miwili zaidi Ufini baada ya drafti ya 2015, kisha Texas katika AHL, na kwake ndio uliofaa kwa sababu yeye alihitaji mwili kwanza. William Nylander aligawanya msimu mmoja katikati, Modo hadi Krismasi, kisha Toronto Marlies ya AHL kuanzia Januari 2015. Kwa hiyo huyo beki wako ningemweka AHL, kwa kuwa tatizo ulilolitaja ni lile hasa ambalo uwanja mwembamba huliponya au huliweka wazi.

Kuhusu cha kutazama, achana na pointi. Kabla ya Desemba, angalia ni nani anayetumwa barafuni katika dakika mbili za mwisho timu ikiongoza kwa goli moja. Angalia kama kijana yumo timu inapokuwa pungufu, na kama baada ya kosa kubwa anarudi zamu ya kawaida au anatoweka kwa kipindi kizima. Angalia pia anacheza kando ya nani, na kama ni mtu yule yule kwa wiki kadhaa mfululizo, jambo ambalo Zamu ya Nne amelieleza vizuri kuliko mimi. Kijana anayecheza dakika 12 akiwa amefichwa dhidi ya safu dhaifu hakuzwi, awe Stockholm au Milwaukee. Na ikifika Januari hali haijabadilika, mhamishe, kwa sababu mikataba mingi ya vijana wa Ulaya ina kipengele kinachoruhusu arudishwe kwao asipokuwa katika kikosi cha NHL, na klabu nyingi hukiona kipengele hicho kuwa kero badala ya kukitumia.

Zamu ya Nne

Nakubaliana na hilo la dakika za mwisho, Mzee wangu. Ningeongeza kwamba kabla ya kumhamisha Januari, klabu imtume kocha wake wa maendeleo akakae naye wiki moja na kuzungumza na kocha wa huko, kwa kuwa mara nyingine kijana wa Ulaya hachezeshwi kwa sababu tu hakuna aliyewaambia wenyeji kwamba klabu mama inataka atumiwe timu ikiwa pungufu. Klabu za SHL hazilazimiki kusikiliza, lakini nyingi husikiliza zikiombwa kwa adabu.